Meka ya Bluu

Mwezi wa kumi, usiku, mvua ilipiga mabati ya mtaa wa Kenya,
nikatoka na kitenge kimoja kutega ndoo.
Alfajiri simu ikalia, kutoka barabara ya Kasenga.
Chisenga, sauti imelowa:
"Dada, tumepanda! Hekta zote mbili, hata kile kipande cha mama."
Nikamwambia, ngoja kidogo, usimwage mbegu zote.
Akacheka. "Anayengoja huvuna magugu."

Ilikuwa mvua ya uongo.
Ilikuja kama mkwe mwenye haraka,
ikaonja, ikaaga kabla ya maji ya kunawa.
Siku kumi na moja mahindi yalisimama kijani,
kimo cha kidole cha mtoto.
Ya kumi na mbili yakaanza kujikunja kama tumbaku.
Ya ishirini Bupe akapita shambani na jembe begani
na miche ikavunjika chini ya nyayo zake
kwa mlio wa karatasi.

Mimi nauza unga.
Meza ya tatu kutoka kwa mshona viatu.
Malori yanatoka Kasumbalesa usiku, tunapokea kwa tochi,
na kipimo changu ni meka ya bluu
yenye ufa mdomoni niliouziba kwa plastiki ya moto.
Juu ya kibao naandika bei kwa chaki.
Mwezi wa kumi na moja nilifuta mara mbili.
Wa kumi na mbili, sikumbuki.

Kufa kufaana:
nilidhani msemo huo ni wa wauza sanda.

Ng'ombe walikuwa wanne,
alionunua kwa miaka sita ya shimo la malakiti.
Kijito kikarudi nyuma, kikawa dimbwi, likawa tope,
tope likakauka na alama za kwato,
vikombe mia mbili, vyote vitupu.
Majani ya bonde yaliliwa na moto wa watu wa makala.
Miti iliyokuwa imeshika maji chini
ilikwisha kuja mjini, gunia kwa gunia, kwenye baiskeli,
na mimi ndiye niliyeipikia bukari.

Wa kwanza aliuzwa kwa mchinjaji aliyempima kwa macho,
macho membamba.
Wa pili na wa tatu sikuambiwa.
Wa nne aliitwa Deni, kwa sababu ya jinsi alivyonunuliwa.
Huyo alipiga magoti kando ya kichuguu akakataa kuinuka.
"Deni amekufa," Chisenga alisema kwenye simu,
"lakini deni liko hai."
Kisha salio likaisha, au alikata.

Usiku naombea mvua, kweli naomba,
kwa magoti, na jina la kaka yangu mdomoni.
Na chini ya ombi, kama panya chini ya gunia,
kuna kitu kinachohesabu:
mifuko arobaini dukani,
ikinyesha kesho, bei itashuka.

Jumamosi alikuja.
Hakupita nyumbani. Alisimama kwenye mstari
nyuma ya mama mmoja mwenye mapacha,
viatu vyake vyekundu kwa vumbi la kilomita sitini.
Zamu yake ikafika. "Una mbegu?"
Ninao unga, nikasema. Unga tu.
"Unga hauoti," akasema, bila hasira,
kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.
"Basi nipe meka mbili."

Kila siku nasawazisha kwa kijiti, chap, mdomo kwa mdomo.
Siku hiyo nilirundika mpaka ukawa mlima,
mpaka ukamwagika juu ya noti zake,
na sikutaka noti.

Alinitazama.
Akanyosha kiganja, kile kilichopasuka kama shamba,
akakipitisha juu ya meka, taratibu,
akarudisha kilima chote kwenye gunia langu.
Akalipa bei ya kibao.
Chaki ilibaki kidoleni mwangu
hata baada ya kunawa.